Kuzuia maambukizi ya njia ya mkojo na kulinda figo: hatua kwa hatua

Ni nadra siku hizi kumkuta mtu mzima mjini ambaye hajawahi kuambiwa kwamba ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na mara nyingi huambiwa ana UTI pamoja na taifodi, akakabidhiwa vidonge kabla hata hajaulizwa kama anapata maumivu anapokojoa. Jina hilo limezoeleka kiasi kwamba kila homa, kila uchovu na kila maumivu ya kiuno hubandikwa humo. Matokeo yake ni mabaya pande zote mbili: wasio na ugonjwa wanameza antibayotiki bure, na wenye ugonjwa wa kweli wanapewa dawa isiyowafaa hadi maambukizi yanapanda kwenye figo. Mwongozo huu unafuata safari nzima, kuanzia namna bakteria anavyoingia hadi vipimo ambavyo mtu anapaswa kuvidai ili figo zake zidumu.

Hatua ya kwanza: fahamu bakteria anatoka wapi

Wengi wanaamini kwamba ugonjwa huu huokotwa chooni, hasa kwenye choo cha kukaa kinachotumiwa na watu wengi. Ukweli ni kwamba bakteria aitwaye Escherichia coli, ambaye makao yake ya kawaida ni utumbo mpana wa mtu mwenyewe, ndiye anayesababisha takriban robo tatu au zaidi ya maambukizi ya kawaida ya kibofu. Hutoka sehemu ya haja kubwa, akasafiri juu ya ngozi hadi kwenye tundu la mkojo, kisha akapanda. Kwa mwanamke mrija wa kutolea mkojo una urefu wa kama sentimita 4 tu, ilhali kwa mwanamume unakaribia sentimita 20, na hiyo ndiyo sababu kubwa inayowafanya wanawake waugue zaidi. Mwanamke anayeugua hajawa mchafu, wala hajaletewa ugonjwa na mumewe. Hili nalisisitiza kwa sababu wapo wanaoumia moyoni kwa tuhuma zisizo na msingi.

Bakteria akishatulia kibofuni anaweza kukwea mirija miwili inayoleta mkojo kutoka juu na kufika kwenye figo. Figo hizo, kila moja ikiwa na ukubwa wa ngumi, huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, hurudisha karibu yote mwilini, na kuacha lita moja au mbili za mkojo. Mkojo huo unaposhuka na kutoka mara kwa mara ndio ufagio wa njia yote, na hatua mbili zinazofuata zinahusu ufagio huo.

Hatua ya pili: kunywa maji ya kutosha, na uyagawe vizuri

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata kwa miezi 12 wanawake 140 waliokuwa wakiugua kibofu mara kwa mara na ambao walikuwa wakinywa chini ya lita 1.5 za vinywaji kwa siku. Nusu yao waliongezewa lita 1.5 za maji kila siku, wakaugua wastani wa mara 1.7 katika mwaka huo, ilhali wenzao walioendelea na mazoea yao waliugua mara 3.2. Ni dawa chache zenye faida ya namna hiyo kwa gharama ndogo hivyo.

Kwa mtu mzima mwenye afya, lita mbili hadi mbili na nusu kwa siku zinatosha, zikiongezwa kwa anayefanya kazi juani. Tazama rangi ya mkojo wa mchana: ukiwa njano hafifu umekunywa vya kutosha, ukiwa mzito kama chai ya rangi umechelewa. Anayefunga Ramadhani agawe maji yake kuanzia futari hadi daku, kwa sababu jagi zima likinywewa dakika chache kabla ya alfajiri hutoka lote mapema na kumwacha mkavu mchana kutwa. Mgonjwa wa moyo au wa figo ambaye daktari amempangia kiwango cha maji afuate kiwango hicho, wala asiongeze kwa kusoma mwongozo huu.

Hatua ya tatu: usibane mkojo

Hapa ndipo choo kichafu kinapokuwa na hatia yake. Hakimpi mtu bakteria kwa kukikalia, lakini kinamfanya akatae kukojoa. Mwalimu anayengoja kengele, muuguzi wa zamu ya usiku, mama lishe asiye na wa kumwachia sufuria, dereva wa daladala, na mwanafunzi wa kike ambaye choo cha shule yao hakina mlango wala maji, wote hao hubana kwa saa sita au nane, na wengi huongeza kosa la pili juu ya la kwanza kwa kuacha kabisa kunywa maji ili wasihitaji choo. Mkojo uliokaa muda mrefu katika joto la mwili huwapa bakteria wachache nafasi ya kuwa wengi, na kibofu kinachotanuliwa kupita kiasi kila siku huzoea kutomaliza mkojo wote.

Jizoeze kukojoa kila baada ya saa tatu au nne mchana, hata kama hujabanwa sana, na kabla ya kutoka nyumbani. Basi la mikoani linaposimama kwa ajili ya kuchimba dawa, shuka; mwanamke akiwa na kanga moja ya ziada kwenye mkoba anaweza kujisitiri hata mahali pasipo na choo. Beba chupa ndogo ya maji na kipande cha sabuni, kwa kuwa vyoo vingi vya stendi vina mlango lakini havina maji.

Namna ya kukaa nayo ina maana. Choo cha kuchuchumaa hakina shida yoyote, kwani mwili uliochuchumaa sawasawa hulegea vizuri. Shida huja pale mtu anapoogopa choo cha kukaa na kuning'inia nusu juu yake, mapaja yakitetemeka, kwa sababu misuli ya nyonga iliyokazwa hairuhusu kibofu kumwaga chote. Kifute au ukiwekee karatasi, kisha ukae. Mkojo ukikatika, tulia sekunde chache, ujaribu tena, ndipo uinuke. Anayekosa choo kikubwa kwa siku nyingi naye ajitibu kwa mboga za majani, matunda na maji, kwa sababu kinyesi kigumu hukandamiza kibofu, na kwa watoto hiyo ni sababu ya maambukizi ya kujirudia ambayo wazazi wengi hawaifikirii.

Kwa wazazi walio katika kamati za shule nina ombi moja. Mnapokaa kupanga michango, mlango wa choo cha wasichana na pipa la maji viandikwe katika orodha ya vitu vya afya, sawa na chandarua. Mtoto anayebana kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, siku tano kwa wiki, hawezi kusaidiwa na ushauri wa kunywa maji mengi.

Hatua ya nne: kuchamba, tendo la ndoa na usafi wa ukeni

Kuchamba kwa maji ni desturi njema, ila mwelekeo wa mkono na wa maji ndio unaoamua kama inasafisha au inahamisha bakteria. Osha mbele kwanza, kisha nyuma, na mkono uliogusa nyuma usirudi mbele. Mfundishe hivyo binti mdogo tangu anapoanza kujichamba mwenyewe, na anapobadilishwa nepi afutwe kutoka mbele kwenda nyuma.

Ndani ya uke hakuhitaji sabuni, dawa ya kuua wadudu, marashi wala vitu vya kubana vinavyouzwa mitaani. Humo wanaishi bakteria wema wanaotengeneza asidi inayowazuia wale wa utumbo wasijenge makao, na kila kinachowaua hufungua mlango. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha. Vivyo hivyo, povu na krimu za kuua mbegu za kiume huongeza maambukizi, kwa hiyo mwanamke anayezitumia na kuugua mara kwa mara azungumze na mhudumu wa uzazi wa mpango kuhusu njia nyingine. Kukojoa mara baada ya tendo la ndoa hakuna ushahidi mzito, lakini ni jambo jepesi lisilo na madhara. Mwanamke aliyekoma hedhi ambaye ameanza kuugua upya anaweza kusaidiwa sana na krimu ya estrojeni, homoni ya kike, inayopakwa ukeni kwa maelekezo ya daktari. Wengi huvumilia miaka bila kujua kwamba tiba hiyo ipo.

Hatua ya tano: tofautisha dalili kabla ya kuita kila kitu UTI

Maambukizi ya kibofu hujitambulisha kwa mkojo kuchoma, kwenda haja ndogo kila mara na kutoa kidogo kidogo, kushindwa kusubiri, na maumivu chini ya kitovu. Mkojo unaweza kuwa na ukungu au damu kidogo. Kwa kawaida hakuna homa kali.

Yakifika kwenye figo, sura hubadilika: homa ya nyuzi 38 au zaidi, baridi ya kutetemesha, maumivu ya upande mmoja wa mgongo chini ya mbavu, kichefuchefu na kutapika. Mgonjwa huyo aende kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu bakteria wanaweza kuingia kwenye damu. Ikiwa maumivu ni ya kukata na kuja kwa mawimbi, huenda kuna jiwe, na jiwe lililoziba njia likikutana na maambukizi ni dharura.

Kisha yako magonjwa yanayofanana nayo. Unguja, Pemba, ukanda wa pwani na baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa ambako watu huoga au kulima katika madimbwi na mabwawa, damu inayotoka mwishoni mwa mkojo ni dalili ya kichocho. Huo ni ugonjwa wa minyoo inayotoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya kwenye ngozi. Antibayotiki haiugusi, tiba yake ni prazikwanteli. Ukiachwa miaka mingi huziba mirija ya mkojo, huharibu figo na unaweza kuleta saratani ya kibofu. Mkojo unaochoma pamoja na usaha ni dalili ya kisonono au klamidia, na wenzi wote wawili wanapaswa kutibiwa. Kuwashwa sana na uchafu mzito mweupe ni fangasi. Na homa yenye maumivu ya viungo bila dalili hata moja ya mkojo inatakiwa kupimwa malaria kwanza.

Hatua ya sita: toa sampuli nzuri na udai kipimo sahihi

Vipimo vingi huharibikia chooni, kabla ya kufika maabara. Nawa mikono, safisha sehemu ya mbele kwa maji, na mwanamke atenganishe mashavu ya uke kwa vidole. Mkojo wa mwanzo uache uende chooni, wa katikati uingize kwenye kikopo bila kugusa ndani yake, na wa mwisho uumalizie chooni. Funga, kabidhi ndani ya saa mbili. Ikishindikana, kikopo kikae kwenye friji kwa muda usiozidi saa 24. Sampuli iliyosafiri nusu siku juani kwenye bodaboda huwa imejaa bakteria waliozaliana njiani, na mgonjwa hutibiwa ugonjwa wa kikopo.

Kipimo cha haraka cha kijiti huangalia chembe nyeupe za damu na naitraiti, kemikali ambayo bakteria wengi huitengeneza kwenye mkojo. Naitraiti ikionekana ni ushahidi mzuri wa bakteria. Isipoonekana haimaanishi hawapo, kwa sababu mkojo unahitaji kukaa kibofuni kama saa nne ili itengenezwe, na baadhi ya bakteria hawaitengenezi kabisa. Jibu linaloonyesha seli nyingi za ngozi lina maana kwamba sampuli imechafuka na inafaa irudiwe.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kuotesha mkojo. Maabara hukuza bakteria, humtambua, kisha humjaribu kwa dawa mbalimbali ili ijulikane ipi inamuua. Huchukua siku mbili au tatu na hugharimu zaidi, hivyo si lazima kwa mwanamke kijana anayeugua kibofu kwa mara ya kwanza. Lakini mjamzito, mtoto, mwanamume, mwenye sukari, mwenye dalili za figo, na yeyote ambaye dawa ya kwanza haikumsaidia au ambaye ugonjwa umerudi, ana haki ya kukiomba. Kwa mtazamo wangu, fedha ya dozi tatu zilizokosea ingelipia kipimo hicho na ikabaki.

Asiye na dalili, na ambaye si mjamzito, asipime mkojo kutafuta bakteria. Wazee wengi na watu wenye sukari hukutwa nao bila kuumwa, na kuwatibu hakuwasaidii bali huzalisha usugu wa dawa.

Hatua ya saba: tumia dawa kwa nidhamu

Kwa maambukizi ya kibofu yasiyo na homa, dozi fupi hutosha. Naitrofurantoini, kwa mfano, kwa kawaida hutumiwa siku 5, na isikutie hofu ikigeuza mkojo kuwa wa kahawia. Dawa hiyo hujikusanya kwenye mkojo lakini haifiki ya kutosha katika nyama ya figo, kwa hiyo mwenye homa na maumivu ya mbavuni hapaswi kuitegemea. Sindano nazo hazina ubora wa pekee kwa ugonjwa wa kibofu; kazi yake ni kwa mgonjwa aliyezidiwa au anayetapika vidonge.

Usinunue vidonge vinne kwa sababu fedha imeishia hapo, usitumie vilivyobaki vya dada yako, na usiache katikati maumivu yanapopungua. Ukikaa saa 48 hadi 72 bila nafuu, rudi na cheti chako. Maambukizi mawili ndani ya miezi sita au matatu ndani ya mwaka yanahitaji uchunguzi wa sababu, ikiwa ni pamoja na ultrasaundi ya figo na kibofu.

Mjamzito ni wa pekee, kwa kuwa kwake hata bakteria wasio na dalili hutibiwa. Wakiachwa, hadi wanawake 30 kati ya 100 walio nao wanaweza kupata maambukizi ya figo, na hatari ya kujifungua kabla ya wakati huongezeka. Asiondoke kliniki bila mkojo wake kupimwa. Mtoto wa chini ya miaka miwili mwenye homa isiyo na chanzo, bila mafua wala kikohozi, apimwe mkojo pia, kwani hawezi kusema panapouma. Mwanamume anayeugua achunguzwe tezi dume, hasa akiwa amevuka miaka 50 na mkojo wake unatoka kwa kusuasua.

Hatua ya nane: linda figo dhidi ya maadui wasio na maumivu

Maambukizi ya kibofu yakitibiwa vizuri mara chache huacha alama kwenye figo. Maadui wakubwa ni presha na sukari, ambavyo huharibu vichujio kwa miaka bila kuuma. Presha ya 140/90 au zaidi, ikirudiwa kupimwa na kukutwa vilevile, inahitaji matibabu, na dawa za presha hazikatizwi kwa sababu mtu anajisikia mzima. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, ukihesabu pia ile iliyomo kwenye viungo vya unga vya kukolezea mchuzi.

Adui mwingine huuzwa kila duka la dawa. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Vidonge vya siku mbili tatu kwa kijana mwenye afya si neno, lakini fundi au mkulima anayevimeza kila jioni kwa mgongo, tena akiwa na presha au akiwa hajanywa maji kutwa, anajiumiza. Parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi kwa figo. Dawa za asili nazo zichunguzwe: Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wapatao mia moja waliharibikiwa figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene vilivyokuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia. Na wanaotangaza dawa za kusafisha figo wapuuzwe, kwa kuwa figo nzima hujisafisha kwa maji.

Kila mwaka, mwenye presha, sukari, historia ya ugonjwa wa figo katika ukoo, au umri wa zaidi ya miaka 50 aombe mambo manne: presha, sukari, kreatinini ya damu (taka ya misuli ambayo figo huichuja) pamoja na hesabu ya kasi ya uchujaji wa figo inayotokana nayo, na albumini, yaani protini ya damu, kwenye mkojo. Kreatinini peke yake inaweza kuonekana sawa hadi karibu nusu ya uwezo wa figo umepotea, lakini albumini huanza kuvuja mapema. Kasi ya uchujaji ikikaa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi mitatu, huo tayari ni ugonjwa sugu wa figo, na bado kuna muda wa kuupunguza mwendo. Upandikizaji hufanyika Tanzania tangu Novemba 2017, ulipoanza Hospitali ya Taifa Muhimbili, ila kwa wagonjwa wengi figo zikishindwa kinachobaki ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kila mara kwa saa kama nne.

Majibu ya vipimo hivyo yatunze yote katika bahasha moja, yakiwa na tarehe, pamoja na ya kuotesha mkojo. Daktari atakayekuona miaka mitatu baadaye atataka kujua kreatinini yako ilikuwa ngapi leo, na bakteria wako alishindwa na dawa gani.